Kinachobaki Baada ya Mkasi

Hakuna kitambaa kinachotoka kiwandani kikiwa salio. Hutoka kikiwa jora zima, na kila inchi yake ina bei sawa na inchi ya jirani. Kikifika mezani kwa fundi ndipo hugawanyika: sehemu inaingia kwenye nguo, sehemu inaanguka sakafuni. Zote mbili zimefumwa kwa uzi uleule na kutiwa rangi ileile. Kilichozitenga ni mkasi, na mkasi haujiongozi wenyewe; huongozwa na nia ya aliyeushika. Basi pana swali dogo linalostahili kuketiwa: kusalia ni tabia ya kitambaa, au ni hukumu yetu juu yake? Na mtu anapookota vipande hivyo akamshonea mtoto zawadi, amempa nini hasa?

Swali hili nalipeleka Roret kwa sababu huko lina mwili. Roret ni kituo cha soko katika Bureti, kaunti ya Kericho, nchi ya chai inayotandaa hadi Bomet. Kama ilivyo Litein, Kapkatet na vituo vingine vya nyanda hizi, mwaka wa fundi wa nguo huenda sambamba na mwaka wa shule. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, wazazi huja na watoto kupimwa: kaptura, sketi, shati, marinda. Tetroni ya buluu, ya kijani, ya maruni, ya miraba. Msimu ukipita huja sare za kwaya, mapazia, foronya na mablanketi ya viraka, maana huku juu usiku una baridi na mvua ya mawe si mgeni. Wataalamu wa mavazi hukadiria kwamba katika kukata nguo, takriban asilimia 15 ya kitambaa hubaki nje ya nguo. Hakibaki kwa uzembe. Kwapa la shati ni mviringo, shingo ni mviringo, kiuno kimeingia ndani, ilhali kitambaa kimefumwa kwa pembe nne. Maumbo haya hayajawahi kupatana, na masalio ndiyo ushahidi wa ugomvi wao.

Baadhi ya masalio hupata kazi ya pili katika blanketi la viraka. Vipande vya mraba huungwa kuwa uso mmoja, chini hutandazwa kitambaa kizima, katikati huwekwa pamba au blanketi kuukuu, kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja. Lakini hata blanketi hilo lina masalio yake: pembe tatu zisizofika upana wa kiganja, ukanda mwembamba wa pindo, ua lililokatwa katikati likabaki na petali mbili. Ni masalio ya masalio. Haya ndiyo yanayoishia mikononi mwa mtoto yakiwa mwanasesere, mpira, kofia au kifuko cha kalamu, na ndiyo ninayotaka tuyatazame.

Kwanza tuelewe kwamba masalio ya kitambaa yana historia yake. Hayakuwapo tangu milima hii iwepo. Wakipsigis wa kale, wenyeji wa nyanda hizi, walivaa ngozi za mbuzi, kondoo na ng'ombe, zilizolainishwa na kushonwa kwa mkono. Ngozi ilikuwa na umbo la mnyama, na mshonaji alilifuata. Leso ya pwani na shuka ya bara nazo huvaliwa kama zilivyofumwa: hukunjwa, huviringishwa, hufungwa fundo. Vazi la pembe nne haliachi kitu sakafuni. Masalio yalikuja na vazi lenye kola, mikono na mifuko, na vazi hilo lilipanda milimani pamoja na mambo mengine mengi. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na pesa za mshahara zikaanza kununua nguo. Misheni zikajenga vituo, Litein katika miaka ya 1920 na Tenwek, karibu na Bomet, katika miaka ya 1930; nyuma yao shule, na nyuma ya shule sare. Cherehani iliyokuwa imepewa hataza Marekani mwaka 1851 kwa jina la Isaac Singer ikapata kibaraza chake chini ya paa la mabati.

Kwa hiyo kipande kilichoanguka sakafuni Roret kimeangushwa na historia ndefu: shule, kanisa, mshahara, na kawaida mpya ya kuvisha kila kiungo cha mwili kwa kipimo chake. Tangu hapo tumezoea kufikiri kwamba kitu kizima ni kile kinachomtosha mtu mzima. Kipimo chetu ni mwili uliokomaa, na kisichoufikia tunakifagia.

Mtoto huvuruga kipimo hicho. Kiganja cha kitambaa kisichotosha mfuko wa shati la baba kinatosha uso mzima wa mwanasesere. Ukanda usiofaa kuwa mshipi unafaa kuwa mkia wa paka, na bado unabaki wa masikio. Hakuna kilichobadilika katika kitambaa. Aliyebadilika ni anayekipokea. Mtu wa Kericho haoni ugeni katika jambo hili, kwa sababu kiwanda cha chai humfundisha kila siku. Majani yakishasagwa, yakachachushwa na kukaushwa, chai huchekechwa kwa ukubwa wa chembe. Miongoni mwa zile laini kabisa imo inayoitwa Dust 1, yaani vumbi, na vumbi hilo ni daraja rasmi lenye bei na wanunuzi wake katika mnada wa Mombasa. Vumbi la sebuleni hutupwa nje kwa ufagio. Vumbi la kiwandani hupakiwa na kuvuka bahari. Tofauti ni kwamba kuna mtu upande wa pili anayelingoja.

Jibu la kwanza, basi, ni hili: hakuna kitu kilicho salio peke yake. Ni salio kwa kazi fulani, mbele ya mtu fulani. Anayesema "hiki kimebaki" amesema zaidi kuhusu mpango wake kuliko kuhusu kitu alichokishika.

Lakini tusiridhike upesi. Kusema kwamba kipande kinaweza kufaa si sawa na kukifanya kifae. Katikati kuna kazi, na kazi hii ina taratibu zake. Vipande hutengwa kwa aina kabla ya kutengwa kwa rangi: tetroni na tetroni, pamba na pamba. Pamba ikifuliwa husinyaa na tetroni haisinyai. Ukizifunga katika mshono mmoja bila kuifua pamba kwanza, siku ya kufuliwa zawadi itajinyonganyonga. Kisha vipande hutandazwa mezani na kusogezwasogezwa hadi vikubaliane. Huungwa kwa upande wa ndani, na kila mshono hula sehemu ya kitambaa, hivyo kilichokuwa kidogo kinazidi kuwa kidogo. Uso ukitosha, umbo la mwanasesere hukatwa mara mbili, hushonwa pande zote na kuachwa upenyo. Hugeuzwa nje na kujazwa. Na kinachojaza? Yale matambara yasiyofaa hata kuwa kiraka, pamoja na nyuzi zilizokatwa, hukatwakatwa na kuwa tumbo lake. Macho hutariziwa kwa uzi. Kwa mtoto mdogo hayashonwi kwa vifungo, kwa sababu kifungo hung'oka na mtoto hukimeza. Mwishowe upenyo hufungwa kwa mkono, kwa mishono ya siri.

Ukiitazama kazi hii kwa makini utaona kwamba fikra yake inakwenda kinyume na ile ya jora. Mwenye jora huanza na mchoro, akaja kwenye kitambaa kukiamrisha. Mwenye vipande huanza na kitambaa, akakiuliza kinaweza kuwa nini. Mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Lévi-Strauss, katika kitabu alichokitoa mwaka 1962, aliwatofautisha watu wawili wa namna hii: mhandisi, anayepanga kwanza kisha akatafuta vifaa vya mpango wake, na fundi wa kuungaunga, anayefanya kazi kwa vilivyopo, vilivyobaki kutokana na kazi nyingine. Alisisitiza kwamba fikra ya huyu wa pili haipungukiwi na akili, ina njia yake tu. Mshonaji wa Roret hakuhitaji kuambiwa. Kila kipande kinakuja na masharti: huku kuna pindo la zamani, huku kuna alama ya chaki, huku mfumo wa nyuzi umelala kwa mshazari na ukivuta utalegea. Uhuru wake haumo katika kutaka lolote. Umo katika kuyakubali masharti hayo na bado kufika mahali.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hudhani zawadi ya masalio ni rahisi. Kitambaa ni rahisi, naam. Lakini jora moja hukatwa wanasesere kumi kwa mara moja, na vipande kumi na vitano hutoa mwanasesere mmoja baada ya jioni nzima. Kadiri kifaa kinavyokuwa duni, ndivyo mkono unavyodaiwa zaidi. Aliyeshona kwa masalio ameokoa pesa na kulipa kwa saa zake, na saa, tofauti na kitambaa, hazina kapu la akiba chini ya kitanda.

Tuna methali tunayoitaja upesi sana katika mambo haya: kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli, ila methali hiyo hupendwa pia na mabahili. Mtu hutoa asichokihitaji, kwa namna isiyomgharimu, kisha akajipongeza kwa kuwa na moyo. Kama moyo ndio kipimo, tuuulize moyo swali gumu: ulikuwepo? Unaweza kununua mwanasesere mpya dukani Kericho, aliyefungwa kwa plastiki, ukamkabidhi mtoto huku macho yako yamo kwenye simu. Kitu ni kipya, lakini ulichompa mtoto katika nafsi yako ni kilichobaki baada ya shughuli nyingine zote. Na unaweza kutwaa tambara la sketi ya sare ukamkalia mtoto huyo jioni nzima. Kitambaa kimebaki, lakini wewe hukubaki, ulikuja mzima. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo hili lote. Zawadi ina masalio ya aina mbili, ya kitu na ya mtu. Masalio ya kitu hayamdhuru mtoto. Masalio ya mtu humdhuru, hata yakifungwa kwa utepe.

Tuseme yuko nyanya mmoja, kogo kwa Kikipsigis, ameketi barazani na kapu la vipande. Mjukuu wake anamzunguka.

"Kogo, hiki unachoshona ni cha nani?"

"Ni cha yule atakayeacha kuniuliza akanishikia uzi."

Mtoto anashika uzi. Kuanzia hapo zawadi haimjii tena kutoka nje. Inakua mbele ya macho yake. Anauona mguu ukijazwa. Anaona kosa likifumuliwa na kurudiwa. Anatambua kitambaa: hii ni sketi ya dada, hii ni sare ya kwaya ya mama, hii foronya tuliyoilalia hadi ikachanika. Mwanasesere akikamilika, mtoto anamjua kwa ndani, na anajua jambo kubwa zaidi ambalo hakuna aliyemtamkia: vitu hutengenezwa, na wanaovitengeneza ni watu wenye mikono inayochoka. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtoto wa mjini aliyezoea vitu vinavyotoka kwenye sanduku vikiwa tayari anaweza kufika utu uzima bila kulijua hilo.

Mfaransa mwingine, Marcel Mauss, aliandika mwaka 1925 juu ya zawadi katika jamii mbalimbali, na akaona kwamba kitu kilichotolewa hakimwachi kabisa aliyekitoa. Sehemu ya nafsi yake huendelea kukaa ndani yake, na ndiyo inayowafunga mtoaji na mpokeaji. Yeye aliliona jambo hilo katika mila za watu wa mbali. Mjukuu aliyeshika uzi analishika kwa vidole vyake. Kifuko chake cha kalamu kikipotea shuleni hatalia kwa ajili ya bei yake, kwa kuwa hakina bei. Atalia kwa sababu kimepotea kitu kilichomhusu yeye na kogo.

Tusiipambe mno picha hii, hata hivyo. Masalio yana upande wa aibu, na aibu hiyo ina sababu. Kuna kupewa kilichobaki kwa namna ya kuonyeshwa wewe ni nani: mgeni anayekaribishwa wenye nyumba wakishashiba, mfanyakazi wa nyumbani anayeachiwa ukoko, kijiji kinacholetewa nguo ambazo aliyezivaa asingempa ndugu yake. Mtoto naye huelewa dharau kabla ya kuelewa hesabu. Akipewa mwanasesere wa viraka ilhali mwenzake wa nyumba hiyohiyo amepewa wa dukani, hakuna mafundisho ya falsafa yatakayomfariji. Kipande hicho kimemwambia nafasi yake.

Ni kipi basi kinachotenga salio la heshima na salio la dharau? Sheria ya kale iliyomo katika Mambo ya Walawi sura ya 19, ambayo makanisa ya Bureti huisoma, inatoa mwanga usiotarajiwa. Mwenye shamba anaamriwa asivune hadi pembeni kabisa, wala asirudi kuokota yaliyoanguka; hayo ni ya maskini na mgeni. Tazama mpangilio wake. Kinachosalia hapo hakikusahauliwa, kiliachwa. Mwenye shamba alimfikiria mwenzake kabla ya mundu kufika pembeni. Kwa fundi ni vivyo hivyo. Yuko anayekata ovyo kisha akaona aibu kutupa. Na yuko anayekata akijua kuna mtoto, akasogeza kiolezo sentimita mbili ili kipande kitakachobaki kiwe na upana wa kufaa. Wote wawili wana masalio mezani. Wa pili peke yake ndiye mwenye zawadi, kwa kuwa mtoto alikuwa tayari mawazoni mwake mkasi ulipofunguka.

Na kuna masalio mengine ambayo hayapaswi kusifiwa hata kidogo. Mkulima mdogo wa chai anayepeleka majani mabichi kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, shirika ambalo mizizi yake ni mamlaka iliyoundwa mwaka 1964, hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi hadi mwezi. Malipo ya pili, bonasi, huja mara moja kwa mwaka, hesabu za mwaka unaoishia Juni zikishafungwa. Bonasi ni kinachobaki: chai imeuzwa, na kutoka kwenye pesa hizo zimetolewa gharama za kuni na umeme, mishahara, usafiri, ada za usimamizi na za mnada. Kila mkono umepitisha mkasi wake, na mchumaji wa majani mawili na chipukizi hupata kilichoanguka. Kila mwaka wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, Kericho na Bomet wakiwemo, hulalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Bonasi hiyo ndiyo karo, ndiyo sare, ndiyo blanketi. Ikija ndogo, hata fundi wa Roret hukata kitambaa kidogo.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tafakuri juu ya viraka ina hatari yake. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kusifu ubunifu wa wasio nacho, akageuza sifa hiyo kuwa blanketi la kuifunika haki. Mama anayeshona mwanasesere kwa masalio kwa kuwa amependa amefanya jambo la uhuru. Mama anayefanya hivyo kwa kuwa kilo zake za majani hazikumletea cha kununua kingine amefanya jambo la heshima pia, lakini heshima hiyo ni yake. Haimfutii deni aliyemkata. Tuvisifu vidole vyake bila kusifu uchache wa alichoachiwa.

Baada ya kusema hayo, nirudi kwa mtoto, kwa kuwa katika nchi hii mtoto mwenyewe hupokelewa duniani kwa kitu kilichobaki. Kwa desturi ya Kipsigis, mtoto akizaliwa huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina fulani likitajwa naye akapiga chafya, inajulikana kwamba huyo ndiye aliyerudi, na jina hilo linakuwa lake. Huitwa jina la kurenet. Mtoto haanzi na ukurasa mtupu. Anavishwa kipande cha maisha ambayo mwenyewe wa kwanza ameshayamaliza, na hakuna anayeona kwamba amepewa jina kuukuu. Kinyume chake, kupewa jina lililokwisha kuitikiwa na mtu ni dalili kwamba ulingojwa.

Mwanafalsafa na mwanateolojia wetu John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba aliyefariki hajatoka kabisa miongoni mwa watu maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Anaendelea kuwa karibu, hadi wa mwisho anayemkumbuka naye aondoke. Kama ndivyo, kukumbuka si kazi ya kichwa peke yake. Kunahitaji kitu cha kushika. Jina ni kitu kimojawapo. Kitambaa ni kingine.

Mwaka 1942, huko Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi katika jimbo la Alabama, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alitwaa nguo zake za kazi, zilizochakaa magotini na kupauka kwa jua la mashambani, akazikata na kuzishona blanketi la kujifunika. Bintiye Arlonzia ndiye aliyekuja kuisimulia habari hiyo. Mwaka 2002 mablanketi ya kijiji hicho yalionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na watu wakasimama mbele yake kama wasimamavyo mbele ya michoro ya mabingwa. Jumba lile liliyapa jina la sanaa, na ni haki. Lakini blanketi la Missouri lilikuwa limeshatimiza maana yake miaka sitini kabla, usiku wa kwanza mjane alipojifunika. Maana haikungoja ukuta wa jumba.

Hilo linanifikisha kwenye pingamizi la mwisho. Mtu atasema: zawadi hizi hazidumu. Mwanasesere wa tambara hufumuka, mpira wa matambara hulowa matope ukapasuka, kofia humbana mtoto kabla ya mwaka kuisha. Kuna faida gani kutia saa nyingi katika kitu cha muda mfupi? Lakini pingamizi hili limechukua kudumu kuwa ndiko kuwa na maana, na sivyo. Mwanasesere aliyekaa kabatini miaka thelathini akiwa msafi amedumu, na hajawahi kuwa mwanasesere. Aliyeburutwa, akalaliwa, akafuliwa hadi rangi ikaisha, akafumuka shingoni, amekwisha kwa sababu alifanya kazi yake yote. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kinasimulia juu ya Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo ambazo marehemu alizishona alipokuwa pamoja nao. Hawakutaja mali yake wala ukoo wake. Ushahidi wa maisha yake ulikuwa mishono, na nguo zile hazipo leo. Maana ya Dorkasi haikuchakaa nazo, kwa kuwa haikuwa katika uimara wa uzi. Ilikuwa katika ukweli kwamba mtu fulani, siku fulani, alimfikiria mwenzake hadi mwisho wa pindo.

Utoto wenyewe haudumu, wala hatuuiti hasara. Ni haki vitu vyake viwe vya kadiri yake: vidogo, vya karibu, vinavyokwisha. Kinachobaki baada ya zawadi kufumuka ni mtu aliyekuzwa na watu waliompa muda wao, na huyo ndiye atakayeshika mkasi kesho.

Basi wewe unayesoma, kama una fundi jirani, mwombe fuko la vipande anavyovitupa. Wengi hawatakudai chochote. Kama unajua kushika sindano, keti na mtoto mmoja, awe wako au wa jirani, na uzime simu. Kama hujui, mtafute aliye mzee akufundishe, kwa kuwa huo nao ni ujuzi unaopungua kila mazishi yanapofanyika. Na kama huna muda kabisa, nunua cha dukani bila kujilaumu, ila umkabidhi mtoto ukiwa umeketi naye. Kitambaa kiwe cha mwisho kwenye jora, si neno. Wewe usiwe wa mwisho kufika kwake.